Shajara ya mradi: mkoba wa karatasi wenye taa inayowaka kifuniko kikiinuliwa

Lengo ni mkoba wa begani uliotengenezwa kwa karatasi, bila kitambaa wala ngozi, unaokunjika bila kupasuka na unaostahimili manyunyu. Ndani uwe na taa ndogo mbili zinazowaka kifuniko kikifunguliwa, na kihisi kinachotambua kifuniko nacho kiwe karatasi iliyochorwa penseli. Vipimo: upana sentimita 28, kimo 22, kina 6, kifuniko 18. Hatua za kawaida zimefupishwa. Palipoharibika ndipo palipoandikwa kwa urefu, maana hapo ndipo anayenakili atakwama.

Jambo moja litajirudia katika kila ingizo: karatasi haifi katikati, hufia kwenye mkunjo. Nguo ya karatasi huanza kuchanika pale pale ambapo saketi (njia ya umeme) ya karatasi hukatika.

4 Machi: karatasi ipi

Kutoka kila aina tulikata kipande cha upana wa milimita 15 na urefu wa sentimita 20, tukaning'iniza uzito wa gramu 500, kisha tukakikunja mbele na nyuma kwenye mstari uleule hadi kikatike.

Ya gazeti ilikatika kwanza. Nyuzi zake husagwa kwa mashine na lignini, gundi asilia ya mti, hubaki ndani, ndiyo maana hugeuka njano na kukauka ikikaa juani. Ya printa haikufika mbali: nyuzi zake ni fupi, na katikati yake kumejazwa unga wa kalsiamu kaboneti ili iwe nyeupe na nyororo. Unga huo huzizuia nyuzi zisishikane. Ya majarida yenye kung'aa ilipasua ngozi yake ya udongo mweupe tangu mkunjo wa kwanza.

Iliyoshinda kwa mbali ni karatasi ya kaki, gramu 80 kwa mita mraba. Nyuzi zake ni ndefu, za miti jamii ya msonobari, na lignini nyingi imeondolewa kwa kemikali bila kuzikatakata. Mifuko ya saruji pia ni ya kaki, na mingi imefinywa kiwandani ili ivutike kidogo kabla ya kuchanika, kwa hiyo ni malighafi nzuri sana. Ikungute nje ukiwa na barakoa, ifute kwa kitambaa kikavu kwanza, vaa glavu kabla ya kutumia maji (saruji ikilowa huunguza ngozi), na uangalie kama tabaka moja si plastiki. Kuna pia kitu kinachouzwa kwa jina la Tyvek kinachofanana na karatasi. Ni nyuzi za polithilini: haifyonzi uji na inaharibika kwa pasi ya moto. Hapa haifai.

Kabla ya kukata chochote, tafuta mwelekeo wa nyuzi. Lowesha upande mmoja wa kipande cha mraba. Kitajiviringisha kuwa mrija, na mrija huo hulala sambamba na nyuzi, kwa sababu unyuzi ukinywa maji hunenepa zaidi kuliko unavyorefuka. Weka alama ya mshale kwa penseli kwenye kila karatasi. Mshale huo utaamua mambo mengi baadaye.

10 Machi: kuigeuza karatasi iwe kama kitambaa

Magauni ya karatasi yaliyouzwa na Scott Paper nchini Marekani mwaka 1966, kwa dola 1.25 kila moja, yalikusudiwa kuvaliwa kidogo na kutupwa. Mfano tunaoufuata ni wa Japani. Huko nguo za karatasi ziitwazo kamiko zimevaliwa kwa karne nyingi, na watawa wa hekalu la Todai-ji mjini Nara bado huzivaa katika ibada yao ya mwezi Machi. Siri yake ni uji wa konjaki (unga wa kiazi cha mmea wa Asia) pamoja na kukanda.

Tulijaribu kwanza vitu rahisi kupatikana. Gundi ya wanga ilikauka ikawa ngumu, ikapasuka kwenye mikunjo, na ilipolowa ikarudi kuwa uji. Gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ilitoa karatasi inayonata yenyewe kwa yenyewe joto likipanda, na ikiloweshwa muda mrefu hugeuka nyeupe na kulainika. Karatasi nzima mbili za sentimita 70 kwa 100 zilipotea hapo.

Uji wa konjaki: gramu 10 za unga kwa lita 1 ya maji baridi. Nyunyiza unga kidogo kidogo huku ukikoroga bila kuacha. Ukiumwaga wote kwa pamoja, kila bonge hujifunga ngozi kwa nje na ndani hubaki kavu, wala halitavunjika tena. Acha saa moja, koroga, acha usiku kucha. Ukiinua mwiko, uji utiririke kama uzi bila kukatika.

Paka pande zote mbili kwa brashi pana. Subiri karatasi iwe na unyevunyevu, isiwe chepechepe. Hapa ndipo nyingi huchanika: ikilowa sana, kaki hukosa nguvu na vidole hupenya. Ikunje mikunjo ya feni, ifinye, ifungue, igeuze upande, rudia. Ianikwe ikauke kabisa, kisha pakwe tena. Raundi tatu zinatosha. Baada ya raundi ya pili ukakasi hupotea, na sauti ya kuchakarika hupungua hadi karibu kuisha.

Hatua ya mwisho ndiyo inayoleta uimara. Koroga gramu 2 za chokaa iliyozimwa katika lita 1 ya maji, acha itulie, chukua maji maangavu ya juu tu. Pitisha karatasi humo kwa dakika moja, suuza mara mbili kwa maji safi, anika. Chokaa huondoa vikundi vya asetili kwenye minyororo ya konjaki, minyororo hiyo ikashikana yenyewe, na uji ukageuka utando usioyeyuka tena katika maji. Karatasi ya Kijapani iliyounganishwa kwa uji huo ndiyo iliyobeba haidrojeni katika puto ambazo Japani ilizirusha kuvuka bahari ya Pasifiki mwaka 1944 na 1945. Uji wenye uwezo wa kuzuia gesi isipenye unatosha kwa mkoba. Vaa glavu wakati wa chokaa, na usiruke kusuuza: mabaki yake hufifisha shaba ya saketi.

Karatasi ilisinyaa kati ya asilimia 6 na 10, zaidi upande unaokatiza nyuzi. Kwa hiyo kanda kwanza, kata baadaye. Matumizi: gramu 30 za konjaki kwa karatasi nne, mbili kati yake zikiwa tabaka la pili.

18 Machi: kukata na kushona

Tabaka mbili zilibandikwa kwa uji uleule wa konjaki. Kipande cha majaribio kilichobandikwa nyuzi zikiwa zimepishana kilijipinda kama tandiko kilipokauka, kwa sababu kila tabaka lilivuta upande wake. Nyuzi zikilala sambamba, kipande hutulia bapa.

Mshale uelekee wapi? Wanaojalidi vitabu hukunja kufuata nyuzi ili wapate mkunjo safi. Mkoba una hoja nyingine. Uzito huvuta kutoka juu kwenda chini, na kifuniko hujipinda kila unapokifungua, basi nyuzi zipite wima, zikatize mahali pa kujipinda. Mkunjo hautakuwa mzuri sana kwa macho lakini utadumu.

Ubavu na kitako vilikatwa awali kama ukanda mmoja wa sentimita 72, ili kuokoa karatasi. Siku ya kwanza ya hewa nzito, mshono wa chini ulijikunyata wote. Sababu: katika ukanda huo nyuzi za kitako zilikwenda kwa urefu wa ukanda, ilhali ukingo wa paneli ya mbele uliounganishwa nao ulikuwa unakatiza nyuzi. Mmoja ulitanuka, mwingine haukutanuka. Sasa ni vipande vitatu: mbavu mbili zenye nyuzi wima, na kitako cha 28 kwa 6 chenye nyuzi zinazokwenda upande wa sentimita 6. Kingo zote mbili za kila mshono mrefu zinatanuka kwa kiasi kimoja.

Kushona: sindano kali namba 80, urefu wa mshono milimita 4, nafasi ya ukingo milimita 12. Mshono wa milimita 2 hugeuza ukingo kuwa kama wa stempu, ukivutwa unachanika mstari mzima. Usirudi nyuma kufunga mshono. Acha ncha ndefu za uzi uzifunge kwa mkono. Chini ya kila mshono tuliweka utepe wa kaki iliyokandwa, upana milimita 20.

Mkanda wa bega ni ukanda wa sentimita 12 uliokunjwa mara nne, na umeshonwa kwenye mbavu hadi chini kwenye kitako. Ukishonwa juu peke yake, matundu ya sindano ndiyo yanayobeba mzigo.

Kwenye ukingo wa juu wa nyuma umeshonewa mrija wa karatasi wenye kipenyo cha milimita 30. Kifuniko kinapita juu ya mrija huo, hivyo hakipati kona kali.

26 Machi: saketi ya shaba

Saketi haikubandikwa kwenye mkoba wenyewe. Iko juu ya ukanda wa karatasi nene ya kuchorea unaochomeka kwenye mfuko wa ndani. Karatasi itachakaa kwa kasi yake na vifaa kwa kasi yao, na lazima kimoja kiweze kubadilishwa bila kingine.

Utepe wa shaba ni wa milimita 6. Kwenye kona uukunje, usiukate. Utepe mwingi hunadiwa kuwa gundi yake inapitisha umeme, na unapoupima kwa maltimita (kipima umeme) ukiwa mpya hupitisha kweli. Viungo vitatu kati ya vinne vilivyotegemea gundi hiyo vilipoteza mguso ukanda ulipopindwa mara chache. Lehemu kila kiungo: pasi ya kulehemu ya nyuzi joto 320, sekunde mbili hadi tatu, risasi nyembamba. Ukipitisha muda huo karatasi inakuwa kahawia na gundi inachemka chini ya shaba, ikiinua utepe.

Tatizo kubwa lilikuwa pale saketi inapovuka mrija kwenda kwenye kifuniko. Shaba bapa haivumilii kupindwa. Hupata ufa usioonekana, taa zikawa zinawaka na kuzimika kufuatana na mkono unavyoshika mkoba. Kuongeza utepe wa pili juu ya wa kwanza kuliahirisha tatizo tu. Suluhisho: shaba iishie milimita 15 kabla ya mpindo, na nafasi hiyo ivukwe na waya laini wenye nyuzi nyingi, uliolazwa kwa umbo la S na kulehemiwa ncha zote mbili. Umbo la S hugawa mpindo kwenye urefu wote wa waya. Baada ya hapo hitilafu hiyo haikuonekana tena.

Taa ni LED mbili nyeupe, kila moja na rezista (kipunguza mkondo) yake ya omu 100, takriban miliampea 2 kila moja. Usichanganye nyekundu na nyeupe kwenye rezista moja: nyekundu hutosheka na volti 2 hivi, hunyakua mkondo wote, na nyeupe inabaki giza.

Betri ni CR2032 katika kishikio chenye skrubu. Skrubu hiyo si ya hiari. Mtoto akimeza betri ya aina hii huweza kuungua vibaya ndani ya koo kwa muda wa saa mbili.

5 Aprili: kihisi cha penseli

Mchoro wa penseli ya 6B ni chembe za grafaiti zilizogusana. Karatasi ikipindwa mchoro ukiwa upande wa nje, chembe huachana na ukinzani hupanda. Ukiwa upande wa ndani, hubanana na ukinzani hushuka.

Karatasi ya kuchorea isiyo na mng'ao, unene milimita 0.25. Mchoro wa umbo la U, upana milimita 8, kila mguu milimita 60, ukisuguliwa pande zote hadi ung'ae: ulitoa kilo-omu 90 hadi 110. Juu ya mrija wenye nusu kipenyo cha milimita 15, uso wa karatasi hii huvutika takriban asilimia 0.8. Karatasi nene zaidi hutoa ishara kubwa zaidi kwa mpindo uleule, lakini grafaiti nayo hupasuka mapema.

Toleo la kwanza lilikuwa na mchoro mmoja na rezista ya kilo-omu 100, likisomwa na ATtiny85, chipu ndogo ya kudhibiti, kwa kipimo cha 0 hadi 1023. Kufungua na kufunga kulibadilisha namba kwa takriban 20. Kwenye meza lilifanya kazi vizuri.

12 Aprili: unyevu

Nje ya meza halikufanya kazi. Karatasi ikinywa unyevu wa hewa hutanuka, na mchoro nao hutanuka. Namba ilihama kwa zaidi ya 20 bila mtu kugusa kifuniko. Asubuhi taa zilikataa kuzima, mchana zilikataa kuwaka. Kupuliza vanishi juu ya grafaiti kulipunguza vumbi mkononi lakini hakukuzuia unyevu, kwa sababu karatasi yenyewe hunywa kutoka nyuma.

Kilichofanya kazi ni kuacha kupigana na unyevu na kuugawa sawa. Chora U mbili zinazofanana, moja uso wa nje (A), moja uso wa ndani (B), mgongo kwa mgongo. Unganisha A kutoka umeme hadi katikati, B kutoka katikati hadi hasi, na usome katikati. Unyevu hupandisha A na B kwa pamoja, uwiano haubadiliki. Mpindo hupandisha A na kushusha B, ishara inakuwa maradufu. Rezista imeondoka kabisa. Kifuniko wazi: takriban 510. Kifuniko kimefungwa: takriban 470. Betri ikishuka namba hazihami, mradi kipimo kitumie volti ya betri yenyewe kama rejeo.

Masharti ni mawili. Michoro itofautiane kwa chini ya asilimia 5. Ongeza grafaiti kwenye wenye ukinzani mkubwa, au futa kidogo wenye ukinzani mdogo. Pia kinga ya juu, ambayo ni utepe mwembamba wa plastiki, iwe ileile pande zote mbili. Ukibandika upande mmoja, upande ulioachwa wazi hunywa unyevu haraka na uwiano unahama tena.

Taa ziwake namba ikipita 496, zizime ikishuka chini ya 484. Bila nafasi hiyo katikati zinapepesa.

20 Aprili: betri inaisha

Kifaa kinachoamka kila nusu sekunde na kulala kilipaswa kudumu miaka. Hesabu ya mkondo ilionyesha miezi mitano tu, taa zikiwa hazijawashwa hata mara moja. Chanzo: mlango wa kupimia wa ATtiny85 umetengenezwa kwa vyanzo vya kilo-omu 10 au chini, nasi tuna 50. Kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji) ya nanofaradi 100 iliwekwa kuusaidia, nayo huhitaji milisekunde 25 hadi 30 kujaa. Muda wote huo kidhibiti kiko macho kikila karibu miliampea 1. Kapasita ya nanofaradi 10 inatosha: subiri milisekunde 3, pima, lala. Wastani ulishuka kutoka mikroampea zaidi ya 60 hadi 11 hivi.

Mengine yaliyosaidia: pini PB3 ndiyo inayolisha michoro, na huzimwa baada ya kupima. PB4 inasoma. Kipimo cha ndani kizimwe kabla ya kulala, na mlinzi wa volti ya chini azimwe kabisa. Nunua ATtiny85V, si ATtiny85 ya kawaida, ambayo dhamana yake huishia volti 2.7, na betri hii hushuka chini ya hapo taa zikiwaka. Taa zikikaa dakika moja kifuniko kikiwa wazi, programu huzizima.

29 Aprili: nta

Konjaki huizuia karatasi isimeng'enyuke ikilowa, lakini maji bado hutambaa ndani, hasa kwenye kingo zilizokatwa, ambako nyuzi ziko wazi na kufyonza. Ufyonzaji huohuo ndio unaotumika katika vipimo vya karatasi vya maabara vilivyotokana na kazi ya kundi la George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia 2007: sampuli hutembea yenyewe ndani ya karatasi, na katika vingi vyake ukuta wa nta huizuia isivuke mpaka. Hapa nta inafanya kazi hiyohiyo ya ukuta.

Nta ya mishumaa ilishindwa. Ni kavu, na kwenye mpindo wa kifuniko ilipasuka mistari myeupe ikaanza kubanduka. Nta ya nyuki hubaki laini. Ikune, inyunyize, funika kwa karatasi ya kuokea, pitisha pasi ya nguo ya moto mdogo. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, hakuna haja ya zaidi. Gramu 40 zilitosha mkoba wote, nusu yake ikiwa kwenye kingo na kitako. Gundi na ubandikaji wote utangulie, maana hakuna kinachoshika juu ya nta. Toa saketi kabla ya kupiga pasi.

Manyunyu sasa yanateleza. Mvua ya kweli hupenya kwenye matundu ya sindano, na nta ya pili kwenye mishono ilipunguza hilo bila kulimaliza.

24 Mei: baada ya kutumika

Kifuniko hakina ufa. Pembe mbili za chini zimesugulika hadi tabaka la nje kutoka manyoya. Viraka vya kaki iliyokandwa vimeshonwa juu yake, kwa kuwa nta haikubali gundi. Anayeanza sasa avishone viraka hivyo tangu mwanzo. Mkanda umerefuka sentimita 2, kisha ukatulia.

Kihisi kimehama: wazi 507, kimefungwa 478. Chembe za grafaiti zimejipanga upya kwa kupindwapindwa, na pengo limepungua kutoka 40 hadi 29. Mipaka mipya ni 497 na 488. Pengo likishuka chini ya 15, ukanda wa kihisi unatolewa, unachorwa mwingine kwa dakika kumi, unapindwa juu ya mrija mara hamsini ili utulie, na ndipo namba zake zinaandikwa kwenye programu. Kabla ya kuutupa ule wa zamani kata waya zake ukazitumie tena. Mkoba wenyewe usichanganywe na karatasi za kuchakatwa, kwa sababu nta na konjaki havitengani na nyuzi kwenye maji ya kiwanda.